Saini ya Mzazi Haitoshi: Sheria na Faragha ya Mtoto Mtandaoni

Waheshimiwa walimu, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma,

Mwezi Januari, nilipokuwa nikijaza fomu ya kumwandikisha binti yangu shuleni, nilikuta kati ya nauli ya basi na chakula cha mchana sentensi moja fupi iliyosema kwamba mzazi anairuhusu shule kutumia picha za mtoto katika matangazo yake. Hapakuwa na nafasi ya kukataa. Palikuwa na mahali pa saini moja tu, chini kabisa ya ukurasa, nayo ilibeba yote kwa pamoja: basi, chakula na sura ya mtoto. Nimeona niianze hotuba yangu na saini hiyo kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba mzazi akishaweka sahihi, sheria imekwisha kutimizwa.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinakataza kuchakata data ya mtoto, yaani kukusanya, kuhifadhi au kutumia taarifa zake, isipokuwa pale mzazi au mlezi ametoa idhini, na uchakataji wenyewe uwe ni wa kulinda na kuendeleza haki na maslahi bora ya mtoto huyo. Nawaomba mlitie maanani neno hilo "na". Bunge lingetaka idhini peke yake itoshe, lingeandika "au". Kwa hiyo hata mimi mzazi nikiridhia, aliyechukua taarifa za mwanangu bado anadaiwa jibu la swali la pili: mtoto ananufaikaje na jambo hili? Tena kifungu cha 32 kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa, na kinaruhusu idhini hiyo iondolewe wakati wowote.

Hebu tuitazame picha yenyewe, ile ya kawaida ambayo shule huiweka mtandaoni siku ya michezo. Mtoto amevaa sweta yenye nembo ya shule, na jina lake limeshonwa kifuani ili sweta isipotee. Nyuma yake limeegeshwa basi lenye jina la mtaa linakoelekea, na maelezo ya chini yanataja darasa lake na siku ya tukio. Mtu asiyemjua mtoto huyo sasa anajua jina lake, anakosoma, darasa lake na upande anaoelekea jioni, na yote hayo ameyapata kwa watu wanaompenda mtoto. Sisemi haya kuwalaumu walimu. Nimefanya hivyo hivyo mimi mwenyewe katika makundi ya WhatsApp ya ukoo, tena bila kumwuliza binti yangu, ambaye Ibara ya 31 ya Katiba inampa haki ya faragha kama inavyompa kila mtu.

Kwamba sheria hii si ya kabatini tuliliona Septemba 2023, pale Kamishna wa Ulinzi wa Data alipoitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Shule nyingi zilishtuka, na zilistahili kushtuka.

Lakini picha za shule ni sehemu ndogo ya data ya watoto wetu. Sehemu kubwa inakusanywa na programu zilizomo katika simu, na huko ndiko idhini ya mzazi inakopwaya zaidi. Sheria inamtaka mkusanyaji awe na njia ya kuthibitisha umri. Kwa vitendo, mtoto wa miaka 10 anaulizwa mwaka wa kuzaliwa, anaandika 1998, na mlango unafunguka. Uingereza wamelishika jambo hili kwa mkono mwingine. Kanuni zao, zinazotumika kikamilifu tangu Septemba 2021, zinauliza programu yenyewe imeundwaje: je, mipangilio ya faragha iko juu tangu mwanzo, je, utambuzi wa mahali alipo mtoto umezimwa, je, kuna vishawishi vya kumfanya atoe taarifa zaidi? Mwezi huo huo wa Septemba 2023, Ireland iliitoza TikTok faini ya yuro milioni 345, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kwamba akaunti za watoto ziliwekwa wazi kwa umma tangu zinapofunguliwa.

Kwetu, kifungu cha 63 kinaweka kikomo cha faini kuwa shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, kiwango chochote kilicho kidogo. Hapo mwisho ndipo ninapoumia. Maana yake ni kwamba kampuni yenye watumiaji mamilioni haiwezi kutozwa zaidi ya milioni 5, yaani pungufu ya shilingi laki tano tu juu ya ile iliyotozwa shule ya Uthiru. Ninaamini kwa dhati kwamba Bunge linapaswa kulibadilisha neno hilo liwe "kilicho kikubwa".

Baadhi yenu mtauliza, kama saini yangu haitoshi, mimi mzazi nabaki na nini? Mnabaki na mengi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika Ibara ya 10, unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake, huku ukimhifadhia mzazi haki ya kumsimamia kwa kiasi kinachofaa. Hata hivyo, yako mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema nyumbani, na kifungu cha 33 hakikulisahau hilo: anayetoa huduma za ushauri nasaha au ulinzi wa watoto pekee anaweza asidaiwe idhini ya mzazi. Mtoto aliyetishiwa kusambaziwa picha zake, tena pengine na mtu wa nyumba hiyo hiyo, anaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto, bila malipo na kueleza yaliyompata, na anayepokea simu hiyo halazimiki kumwuliza kwanza kama baba au mama ameridhia.