Jinsi ya Kuchanganya Hamira kwenye Chakula cha Kuku wa Mayai

Karibu, mfugaji mwenzangu. Leo tunatia hamira kwenye kilo 50 za chakula cha kuku wa mayai. Kuku mmoja hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 100 watakula mchanganyiko huu siku nne hivi.

Anza kwa kuijaribu hamira yako. Maji ya uvuguvugu, sukari kidogo, kijiko kimoja cha hamira, subiri dakika 10. Unaliona povu? Basi iko hai.

Sasa pima gramu 100, yaani gramu 2 kwa kila kilo ya chakula. Kama pakiti yako ya hamira ya mifugo inaelekeza kipimo kingine, fuata pakiti.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tazama mikono yangu. Usimwage hamira yote juu ya rundo ukaanza kugeuza kwa koleo. Gramu 100 zitapotelea upande mmoja. Kuku wengine watapata nyingi, wengine hawataonja kabisa. Chukua kilo moja ya chakula kwenye beseni, tia hamira, changanya hadi usiione tena. Ongeza kilo tano, changanya tena. Ndipo umwage kwenye turubai pamoja na kilo zilizobaki, ugeuze rundo zima mara tatu au nne.

Chakula kiwe kikavu na kimepoa. Joto kali huua hamira, ndiyo maana tunaitia mwishoni.

Kwa nini hamira? Ndani ya utumbo wa kuku, kuta za chembe za hamira huweza kunasa baadhi ya bakteria, kama salmonela, wakatoka na kinyesi badala ya kujishikiza. Na kwa kuwa hamira ni kuvu, antibaiotiki za kuua bakteria haziidhuru.

Lakini naomba unisikilize vizuri: hamira haizibi pengo la chakula kibovu. Haina kalsiamu ya kutosha kutengeneza ganda, na kuku anayetaga anahitaji kalsiamu karibu asilimia 4 ya chakula chake. Usipunguze chokaa wala dagaa eti kwa sababu umeweka hamira.

Ili uone kama hamira inakusaidia, andika idadi na uzito wa mayai tangu wiki mbili kabla ya kuanza, kisha endelea mwezi mzima bila kubadili kitu kingine. Angalia na kinyesi: kikishikana vizuri, matandazo yatakaa makavu.