Namba Kwenye Kibao cha Buluu: Baiskeli Mashambani Limburg, Ubelgiji

Ngoja kwanza nishuke, niegemeze baiskeli kwenye nguzo hii. Haya. Habari za huko nyumbani, ndugu zangu? Wazee wangu mnaotazama, shikamooni. Nitanyamaza kidogo, nanyi msikilize.

Mmesikia? Ni ndege, na upepo kwenye majani ya mahindi. Tangu niwashe kamera asubuhi hii nimepishana na trekta moja na wazee wawili juu ya baiskeli zao, basi. Niko Limburg, mkoa wa mashariki mwa Ubelgiji. Hii ni nchi iliyobanana, nyumba hadi nyumba, na kwenye barabara kuu malori hayalali usiku kucha. Kwa hiyo kimya hiki si cha bahati. Kuna watu walikaa chini wakakitafuta, na leo nataka niwaonyeshe walivyokipata.

Tazameni kibao hiki. Cha buluu, maandishi meupe, na juu yake namba. Hiyo namba ni jina la njia panda tuliyosimama. Hii mishale midogo inakwambia ukishika kushoto utafika njia panda gani, ukinyoosha mbele utafika ipi. Huhitaji kujua jina la kijiji, wala kusoma Kiholanzi. Usiku unaweka ramani mezani, unachagua namba moja baada ya nyingine kama mtu anayetunga shanga, unaziandika kwenye kikaratasi na kukibandika kwenye bomba la juu la baiskeli. Changu hiki hapa, kimeshaloa jasho lakini kinasomeka. Ukichoka njiani hulazimiki kumaliza. Unatazama njia panda iliyo mbele, unakata kurudi. Zamani njia za matembezi ya baiskeli zilikuwa mizunguko yenye majina. Ukishaingia kwenye mzunguko, umefungwa nao mpaka mwisho wake.

Aliyebuni mpango huu anaitwa Hugo Bollen, mhandisi wa migodi, na mtandao wa kwanza ulifunguliwa hapa hapa Limburg mwaka 1995. Baadaye Uholanzi na Ujerumani nao wakaufuata.

Ushikeni vizuri huo mwaka 1995. Makaa ya mawe yaligunduliwa katika kijiji cha As mwaka 1901. Ikafunguliwa migodi saba, na watu wakaja kutoka Italia, Uturuki na Morocco kushuka chini ya ardhi kuchimba. Mgodi wa mwisho, ule wa Zolder, ulifungwa mwaka 1992. Kwa hiyo miaka mitatu tu baada ya mkoa kupoteza kazi iliyoulisha, vibao hivi vikaanza kusimama. Mimi niliyekuja hapa kutafuta maisha, nikipita chini ya vile vilima vya mawe yaliyotolewa migodini, ambavyo leo vimeota miti, nawafikiria sana wale waliotangulia. Reli zilizobeba makaa yao, vipande vyake leo ni njia ya baiskeli, imenyooka, haina mlima wa kukutoa roho.

Na hapo ndipo penye akili ya jambo lote. Hawakujenga barabara mpya kila mahali. Walichukua zilizokuwepo wakaziunganisha: njia ya kando ya mfereji, reli ya zamani, barabara ya mashambani ambayo gari la kupita tu haliruhusiwi. Nyingi za mashambani ni za zege, zimemwagwa vipande vipande, na kila ukivuka kiungo tairi linagonga, du-dum, du-dum. Wengine inawaudhi. Mimi nikiisikia najua nimeshatoka mjini.

Sikuanza hivi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nafuata barabara kuu, kwa kuwa ndiyo niliyoiona kwenye ramani ya simu. Siku moja lori likanipita karibu mno, upepo wake ukanisukumia kwenye nyasi. Sheria ya hapa inamtaka dereva amwachie mwendesha baiskeli mita 1.5 akimpita nje ya mji, na mita 1 ndani ya mji, lakini sheria haikuwepo kwenye usukani siku ile. Nilikaa pale mtaroni mikono ikitetemeka. Jirani yangu mzee ndiye aliyenionyesha vibao vya buluu wikiendi iliyofuata.

Sasa, nikichagua mahali pamoja pa kuwapeleka mkija, ni Bokrijk. Tangu mwaka 2016 kuna njia imekatwa katikati ya bwawa, mita 212. Unateremka, kuta za zege zinapanda pande zote mbili, na maji yanakufikia usawa wa macho. Bata anaogelea pembeni ya uso wako. Mara ya kwanza nilisimama katikati, ingawa hupaswi kusimama maana wenzako wanakuja nyuma. Kule Bosland nako, mwaka 2019 walifungua njia ya kuzunguka inayopanda polepole kati ya misonobari mpaka mita 10 kutoka chini, urefu wake mita 700. Pazuri, ila siku za mapumziko panajaa. Nendeni Jumanne asubuhi.

Kwa mtu anayeanza: anza safari ukiukabili upepo, ili ukusukume wakati wa kurudi ukiwa umechoka. Kwenye njia panda za vijijini ambako hakuna alama, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama njia yake ni nyembamba. Vuli, wakati wa kuvuna viazi na viazisukari, matrekta yanaacha tope barabarani na linateleza kama sabuni. Usifunge breki ghafla. Beba taa, kwa sababu Desemba jua linazama karibu saa kumi na nusu jioni. Na mwezi wa Agosti mahindi yanarefuka mpaka yanafunika vibao. Mimi yamenipoteza mara moja kwa muda wa saa nzima, mpaka nikarudi njia panda niliyotoka na kuanza upya. Ukipita mbali bila kuona namba, geuka mapema.

Aprili nitawapeleka kusini, Haspengouw, upande wa Sint-Truiden, miti ya tufaha na peasi ikiwa imechanua, barabara ikipita katikati ya weupe mtupu. Nimeshaanza kuandika namba zake.

Wingu lile limesogea, mnaliona? Ngoja nipande, kabla ya mvua nifike njia panda inayofuata. Kengele hii ni kwa ajili ya bibi anayetembeza mbwa kule mbele.