Tunachosoma jikoni msimu huu wa baridi

Haya, hamjambo ndugu zangu? Walioko Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, na nyie wa Muscat mnaoniangalia usiku wa manane badala ya kulala, karibuni. Ni mimi yuleyule, Leicester, Uingereza, jikoni kwangu. Hiyo kelele nyuma ni mashine ya kufulia, tuivumilie, nguo za shule za kesho ziko humo ndani.

Wengi mnaniuliza: dada, una watoto, una kazi, vitabu unasoma saa ngapi? Jamani, ule muda wa kujilaza kwenye kochi na kikombe cha chai mimi sina. Baba watoto yuko zamu ya usiku ghalani, mimi mchana nahudumia wazee, na Desemba hapa saa kumi jioni giza limeshatanda. Kwa hiyo kitabu tumekihamishia jikoni. Mmoja anaosha vyombo, mmoja anasoma kwa sauti, mimi nasonga ugali. Anayesoma haoshi, kwa hiyo siku hizi wanagombania kusoma. Mengine mtaniiga wenyewe.

Tulianza na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Najua, wengine mliisoma shule kwa ajili ya mtihani, mkakariri wahusika na dhamira mpaka mkaichukia. Irudieni sasa hivi hakuna anayewatungia maswali. Ilitoka 1999, na 2021 Amil Shivji akaitengenezea filamu, lakini nawaambia anzeni na kitabu. Ni Unguja ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa miaka 52.

Sasa, aliyekuwa anasoma siku hiyo ni binti yangu mkubwa, naye hajafika mbali na umri huo. Alipofika hapo akanyamaza. Akarudia ile sentensi kimoyomoyo, namwona midomo inavyocheza. Akaniuliza, "Mama, hapa si wamekosea kuchapa?" Nikamwambia hawajakosea, endelea. Akaweka kitabu juu ya friji, akaanza kunihoji kwa Kiingereza, maana akikasirika Kiswahili kinamkimbia: polisi walikuwa wapi? Nikamwambia polisi walikuwepo mwanangu, ila walikuwa wanamtafuta Denge. "Denge ni nani?" Basi soma utamkuta. Akachukua kitabu. Usiku ule ugali uliliwa wa baridi.

Na kuna Mwajuma. Yasmin akishamkimbia mumewe, kwao hawamtaki tena, anayempokea ni Mwajuma, kule mtaa wa Ng'ambo, Unguja, kwenye chumba chake cha kimaskini. Yule mwanamke ana mdomo! Huwezi kumsoma kimyakimya, utamdhulumu. Mwanangu mdogo wa kiume ndiye anayemsoma sasa, na hakubali mtu mwingine amguse. Anajifunga taulo la vyombo kichwani, mkono kiunoni, anaanza. Kiswahili chake cha Leicester kina mikwaruzo, "ng'ombe" bado inamshinda, lakini akiwa Mwajuma hakwami. Mimi nimefika mahali naamini riwaya zetu nyingi zimeandikwa ziingie sikioni kwanza. Ukizisoma kwa macho tu, nusu ya utamu unaiacha kwenye karatasi.

Halafu kuna jambo sikulitarajia. Hapa Leicester kuna barabara inaitwa Belgrave Road, maduka ya Wahindi mwanzo mwisho: vito, sari, mitai, na mihogo ya kukaanga yenye limau na pilipili kama uko Forodhani. Wengi wao au wazazi wao walitoka kwetu: Kenya, Uganda, wengine Unguja na Bara. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na Halmashauri ya Leicester ikaweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije huku. Wakaja. Leo hata sijui mji huu ungekuwa nini bila wao.

Kuna bibi mmoja dukani huko ninakonunua bamia, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili anakiongea vizuri tu. Nikamsimulia habari za Yasmin. Hakushangaa umri. Aliuliza kitu kimoja, "Mama yake alimpokea tena?" Nikasema hapana. Akawa anachambua bamia zangu, zilizokomaa anaziweka pembeni, kisha akasema, "Ndivyo walivyokuwa, mwanangu. Dada yangu mimi..." Hapo akaingia mteja, bibi akageukia Kigujarati, foleni ikajaa. Habari ya huyo dada mpaka leo sijaipata. Nimeshanunua bamia nyingi kuliko tunavyokula.

Kitabu cha pili ni Peponi. Hiki ni cha Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi 2021. Yeye alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1994. Ida Hadjivayanis akakirudisha nyumbani kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota wakakichapa 2022. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kufidia deni la baba yake, bila hata kuelezwa. Anafikiri anasafiri na ami yake. Mtoto wangu alishangilia misafara ya bara, wapagazi na ngoma. Mimi pale katikati nilichoka kidogo, nisiwadanganye. Lakini mambo ya dukani, Yusuf na Khalil wanalala barazani, wanachekana, wanalishana maneno, hayo ningeyasoma hata mara ngapi. Mwisho siwaambii.

Sasa, kitabu hicho kilinifikiaje? Kwenye sanduku la dagaa. Mama mkwe alikuwa anamfungia shemeji mzigo, kilo 23 ndizo ndege inazoruhusu, na kila kitabu kikiingia fungu la dagaa linatoka. Akanipigia video nione mizani. "Mkwe, karatasi mtazila?" Nikamwambia mama, toa unga wa muhogo, huku upo. Akautoa huku anaguna. Vitabu vimekuja vinanuka dagaa mpaka leo, na paka wa jirani anatuheshimu sana.

Kinachofuata nataka Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert, mtu wa kwetu Tanga. Siti, yule mwimbaji wa taarabu, alitoka Fumba, kijiji cha Unguja, akiuza vyungu, mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Dada yangu anacho. Mwenye safari ya huku mwezi ujao anitumie ujumbe, ni chepesi, hakitagusa dagaa wako.

Na nyie niambieni hapo chini, Yasmin angefanyaje? Binti yangu anasoma maoni yote. Ukija kumtetea Bwana Raza ujiandae, atakujibu mwenyewe.