Lori la Makaa ya Mawe na Barafu ya Kaskazini

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, akina mama, vijana wa vyuo, na ndugu zangu wavuvi mliokatisha kazi kuja kunisikiliza: asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za jioni.

Redio inatuambia kila kukicha kwamba dunia inapata joto, na kwamba mwaka 2024 ulivuka nyuzi moja na nusu juu ya wastani wa zama za kabla ya viwanda. Mtu wa Mtwara akisikia hivyo hucheka, na simlaumu. Alfajiri ya Julai, kusi ikivuma, hapa kwetu tuko kwenye nyuzi 20 hivi. Mchana wa Novemba tunapita 30. Tunapanda na kushuka nyuzi kumi na korosho tunavuna. Sasa hiyo moja na nusu itatufanya nini?

Kumbukeni huo ni wastani wa dunia nzima, bara na bahari, usiku na mchana, mwaka mzima. Wastani wa namna hiyo hausogei ovyo. Miaka kama 20,000 iliyopita, Kanada ilipokuwa imefunikwa na barafu yenye unene wa kilomita kadhaa, wastani wa dunia ulikuwa chini kwa nyuzi tano au sita tu. Tu! Na bahari ilikuwa imeshuka mita 120 hivi, mtu angetoka bara akafika Unguja kwa miguu. Basi moja na nusu ni robo ya safari hiyo, na sisi tumeikata kwa karne moja na nusu.

Ndiyo maana napenda kuzungumzia barafu. Nyuzi hazionekani kwa macho, lakini barafu setilaiti zinaipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Bahari ya Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, huganda wakati wa baridi hadi kilomita za mraba milioni 14 au 15 mwezi Machi, kisha huyeyuka hadi Septemba. Hilo ni la kawaida, kama kusi na kaskazi. Swali ni kiasi gani kinabaki Septemba. Mwaka 1979 kilibaki kama milioni saba. Siku hizi ni kati ya nne na tano. Mwaka 2012 ilishuka hadi milioni 3.4. Tanzania yote, na maziwa yake, haifiki milioni moja. Kwa hiyo barafu iliyokuwa ikibaki Septemba imepungukiwa na eneo la Tanzania mbili hadi tatu.

Niwe mkweli hapa, maana wapo wanaopenda kutia chumvi. Rekodi ya 2012 haijavunjwa mpaka leo. Na kule Antaktika, ncha ya kusini, barafu ya bahari ilikuwa ikiongezeka kidogo kidogo hadi 2014, wenye mashaka wakashangilia. Halafu Februari 2023 ikashuka chini kuliko wakati wowote tangu setilaiti zianze kupima. Mstari huu haunyooki. Lakini ukitazama unene, mashaka yanapungua: katikati ya miaka ya 1980, theluthi moja hivi ya barafu ya Aktiki ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka minne, imekomaa, nene. Sasa haifiki asilimia tano. Iliyobaki nyingi ni ya msimu, nyepesi, upepo unaivuruga.

Wauza samaki mnaijua hii vizuri kuliko maprofesa. Boksi lina samaki na barafu, jua linawaka, na maadamu barafu imo, samaki hapati joto. Joto lote linaloingia kazi yake ni kuyeyusha. Ikiisha tu, samaki anaanza kulegea, na mteja anaanza kukunja pua. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunakula joto lile lile ambalo lingepandisha kilo hiyo ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Aktiki iko katikati ya hatua hiyo. Tena barafu yenye theluji hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na bahari tupu hunyonya zaidi ya asilimia 90. Palipokuwa na kinga sasa pana kinyonyaji. Kwa hiyo Aktiki imepata joto haraka karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979.

Sasa niingie kwenye hesabu iliyonileta. Mwaka 2016 wanasayansi wawili, Dirk Notz na Julienne Stroeve, walionyesha kwamba kwa kila tani moja ya hewa ya ukaa inayotolewa, ile hewa ya moshi inayozuia joto lisitoke duniani, mita tatu za mraba za barafu ya Septemba zinapotea. Nani hapa hajawahi kukwama nyuma ya lori la makaa ya mawe likitoka Ruvuma kuja bandarini? Tani 30, vumbi jeusi kwenye kioo. Makaa hayo yakichomwa, kila tani hutoa zaidi ya tani mbili za hewa ya ukaa, maana kaboni hujitwalia oksijeni hewani na uzito unaongezeka. Hizo ni tani 60 na ushee. Zidisheni kwa tatu: mita za mraba 180. Karibu nusu ya kiwanja cha ishirini kwa ishirini, kwa lori moja. Meli ikipakia tani 50,000 hapo bandarini, inaondoka na viwanja arobaini vya mpira.

(Mzee mmoja: "Kwa hiyo kosa letu?")

Hapana, mzee wangu. Kwa hesabu za kimataifa, moshi huandikwa nchi inakochomwa, si inakochimbwa. Tena kwa mafuta, gesi na makaa, Mmarekani mmoja hutoa tani 14 hivi kwa mwaka, yaani mita za mraba zaidi ya arobaini. Mtanzania hafikishi hata mita moja. Lakini sitasema hatumo, wakati gesi ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, inakwenda Dar na makaa yanapita mbele ya milango yetu. Tumo, kwa sehemu ndogo.

(Mama mmoja: "Barafu hiyo ikiisha, Mikindani itazama?")

Barafu inayoelea, mama, ikiyeyuka haipandishi bahari kwa kiasi cha kutajwa. Inayopandisha ni ya nchi kavu, ya Antaktika na ya Greenland, kile kisiwa kikubwa cha kaskazini, pamoja na maji yenyewe kutanuka kwa joto. Greenland peke yake ina barafu ya kupandisha bahari mita saba, ingawa hilo ni jambo la karne nyingi. Sasa hivi ni milimita nne hivi kwa mwaka. Usiogope milimita, ogopa bamvua na dhoruba zikikutana juu yake. Mwaka 2019 tulihama kukimbia kimbunga Kenneth, kikageukia Msumbiji. Mwaka 2024 Hidaya hakikugeuka.

(Kijana: "Tukiacha kuchoma, itarudi?")

Jopo la kimataifa la tabianchi linasema kuna uwezekano mkubwa kwamba kabla ya 2050 Aktiki itafika Septemba yenye chini ya kilomita za mraba milioni moja angalau mara moja, hata tukipunguza sana. Lakini joto likishuka, barafu ya bahari hurudi ndani ya miaka au miongo michache. Ile ya Greenland hairudi kwa mwendo huo.