Muhogo wa Leicester: mtaa wa Uingereza uliopitia Kampala

Hamjambo nyote huko nyumbani! Leo nipo Belgrave Road, mjini Leicester, barabara ambayo watu wa hapa wanaiita Golden Mile. Angalieni madirisha: sari, dhahabu, sinia za halua na jalebi. Mgeni atasema hii ni India tupu. Ngoja kwanza tusome menyu ya mkahawa huu. Mnaona hapo, "mogo"? Ni muhogo huo, jamani, wa kukaanga, na pilipili yake! Ukiukuta kwenye menyu ya Wagujarati (Wahindi wenye asili ya Gujarat) huku Uingereza, jiko hilo kwa kawaida lina asili ya Kampala, Jinja, Nairobi au Mombasa.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Takriban 28,000 walikuja Uingereza. Halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije huku. Wakaja tu! Walikuwa na ndugu waliotangulia, wengine wakitoka Kenya miaka ya 1960, na viwanda vya nguo na soksi vilihitaji mikono. Nyumba za eneo hili zilikuwa kuukuu na za bei nafuu, na maduka ya chini yalipatikana. Watu wanapenda kusema utamaduni "ulienea", kama moshi vile. Mimi naona ulifuata kodi ya pango na mahali ambapo binamu alikuwa ameshapata kazi.

Hata nyumba za ibada ni hivyo hivyo. Kituo cha Wajaini, wafuasi wa dini ya Ujaini ya India, kule Oxford Street ya hapa Leicester kilikuwa kanisa. Hawakulibomoa, walivika uso wake marumaru nyeupe, na ndani wakaweka nguzo za kuchongwa.

Haya, muhogo. Mnaniuliza sana wanaupikaje, maana huku wengi wanatumia wa barafu, umeshamenywa na kukatwa. Kwa kilo moja, chemsha maji mengi na kijiko kikubwa cha chumvi, utumbukize ukiwa bado umeganda. Ukiuacha uyeyuke kwanza mezani, unalegea na kutoa maji. Acha sufuria wazi dakika 20 hadi 25, mpaka vipande vianze kupasuka, kisha mwaga yale maji, usiyatumie kwa mchuzi. Muhogo una chembechembe za sumu ya sayanidi, hasa ule mchungu, na wa kukaanga moja kwa moja ukiwa mbichi unaungua nje huku ndani ukibaki mgumu.

Sasa pasua kila kipande, utoe ule uzi mgumu wa katikati. Wengi wanaruka hatua hii, ndiyo maana mlaji anatafuna kamba. Kausha kwa kitambaa kwa dakika 10, la sivyo mafuta yatakurukia. Kaanga kidogo kidogo, mafuta yakiwa nyuzi 180 hivi. Ukijaza karai, joto linashuka na muhogo unakunywa mafuta. Chumvi, pilipili ya unga na ndimu zinaingia ukishatoka tu, ungali moto.

Hapo ni Mombasa kabisa, pale ufukweni Mama Ngina. Ila mikahawa ya hapa imeongeza toleo la kurushwa kwenye kitunguu saumu, sosi ya soya na nyanya, mtindo wa Kichina uliopikwa Kihindi. Mimi naona sosi inaharibu ukavu wake, lakini meza zimejaa, basi. Na tusijidai sana: muhogo wenyewe Wareno ndio waliouleta Afrika kutoka Amerika ya Kusini.

Kwa wale wanaotuma watu wawanunulie dhahabu: maduka ya kawaida ya Uingereza huuza sana karati 9, yenye muhuri 375, yaani asilimia 37.5 tu ya dhahabu. Hapa Belgrave Road wanauza zaidi karati 22, muhuri 916, ile ile inayotakiwa kwenye mahari za pwani. Kipande kinachozidi gramu 1 kisheria lazima kiwe na muhuri kikiuzwa kama dhahabu. Omba lenzi uusome mwenyewe, na uliza gharama ya ufundi ni kiasi gani juu ya bei ya uzito, kwa sababu hiyo ndiyo mnayoweza kupatana.

Mkija msimu wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, angalieni kwanza ratiba ya mwaka huo. Siku ya Diwali yenyewe barabara hufungwa kwa magari, kwa hiyo acheni gari mbali mtembee.