Chupa ya mama mkwe

MWANAIDI: Leo kwenye kipindi nina karatasi kabisa, mambo matano ya ajabu ya maji. Beka mbona umenuna?

BEKA: Nimepasua chupa ya mama mkwe.

MWANAIDI: Ile ya kioo? Ya Tanga?

BEKA: Ile ile dada yangu. Kaleta juisi ya ukwaju, kaichemsha mwenyewe, akasema weka friza ingali moto itaganda upesi, nikajaza mpaka shingoni nikafunga kizibo nikalala zangu, asubuhi nafungua friza vioo vitupu, ukwaju umesimama peke yake una umbo la chupa.

MWANAIDI: (anacheka) Sasa si ndo jambo la kwanza hili! Vitu vingi vikiganda vinasinyaa, maji yanatanuka kama asilimia 9 hivi. Molekuli zinashikana kwa kuachiana nafasi, kioo hakiwezi kuzizuia.

BEKA: Kwa hiyo aliyepasua ni molekuli, mimi simo.

MWANAIDI: Mshitakiwa kaa chini. Ila mkwe wako yuko sahihi, ya moto inaganda haraka. Si ndo aliyoyaona yule mwanafunzi, Erasto Mpemba! Magamba kule Lushoto, 1963, kidato cha tatu, wanatengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friji inagombewa, yeye kaingiza maziwa yake moto moto na yakawahi kuganda kuliko ya mwenzie. Akachekwa weee, mpaka Dk. Osborne wa chuo kikuu Dar akapima, 1969 wakaandika pamoja.

BEKA: Najua, na nampenda Mpemba. Ila 2016 watafiti Uingereza walirudia wakasema hawaoni kitu, kipimajoto ukikisogeza sentimita 1 tu majibu yanageuka.

MWANAIDI: Wale walipima muda wa maji kufika digrii sifuri! Mpemba alisema kuganda, na maji yanaweza yakapita sifuri yakakaa hivyo hivyo hayajaganda. Mama yangu kauza barafu za ubuyu miaka ishirini, maji anachemsha.

BEKA: Anachemsha asiwape watoto wa watu homa ya matumbo!

MWANAIDI: Na zinawahi kuganda!

BEKA: Kuliko zipi? Aliweka za baridi pembeni akalinganisha?

MWANAIDI: Wewe uliweka chupa ya pili pembeni?

BEKA: Mama mkwe ana chupa moja bwana! Alikuwa nayo moja.

MWANAIDI: Basi mimi nabaki na Mpemba.

BEKA: Na mimi nabaki na kipimajoto.

MWANAIDI: Aa, dakika mbili zimebaki. Nilitaka kusema maji ni mazito zaidi yakiwa digrii 4, ndo maana ziwa la nchi ya baridi linaganda juu na samaki chini wanadunda, na mdudu anayetembea juu ya maji, na... basi, hatufiki.

BEKA: Hivi mama mkwe huwa anatusikiliza?

MWANAIDI: Si uliniambia kila Jumapili akikuna nazi?

BEKA: Basi kata ile sehemu ya chupa.

MWANAIDI: Beka, ndo kipindi chote hicho.