Vena ya Figo Inapopita Nyuma ya Aota

Ndugu wanafunzi, nanyi wauguzi mliokaa kule nyuma, karibuni.

Kuna mgonjwa anayetuchosha sana. Anakojoa damu. Mkojo ukipimwa hauna vijidudu, kibofu kizima, jiwe hakuna, uvimbe hakuna. Anapewa dawa ya maumivu, anakwenda zake, na baada ya muda damu inatoka tena. Kabla hamjamwambia hana kitu, tazameni vena, yaani njia inayorudisha damu kutoka figo ya kushoto.

Figo ya kulia iko jirani na vena kava ya chini, vena kubwa inayorudisha damu moyoni, kwa hiyo vena yake ni fupi, sentimita 2 hadi 4. Ya kushoto ina safari ya sentimita 6 hadi 10 hivi, na ni lazima ivuke aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni. Kwa watu wengi hupita mbele yake, chini ya ateri kubwa ya matumbo, mshipa unaopeleka damu huko, inayochomoza hapo.

Kwa wachache hupita nyuma yake, na hitilafu hiyo huanza mapema mno, takriban wiki ya 6 hadi ya 8 ya mimba. Wakati huo vena za kiinitete huota kwa zamu, zinaungana, na nyingi zinanywea. Aota inazungukwa na pete ya vena yenye tawi la mbele na tawi la nyuma, na hilo la nyuma ndilo linalopaswa kutoweka. Likibaki, la mbele likatoweka, mtoto huzaliwa na vena inayopita nyuma ya aota. Yakibaki yote mawili, pete ile hukaa naye maisha yote. Wenye vena ya nyuma ni kama watu 2 au 3 katika kila 100, na wengi wao hawaumwi chochote. Hilo msilisahau, nitalirudia.

Anayeumwa anaumwa kwa nini? Vena ni laini, na presha ndani yake ni ndogo. Ikipita kati ya aota inayodunda na mfupa wa uti wa mgongo, hubanwa. Damu inarundikana, presha inapanda ndani ya figo, na vijivena vyembamba vinavyopakana na vikombe vya mkojo vinapasuka. Pengine damu huonekana kwenye kipimo tu, pengine mkojo unageuka mwekundu kabisa, hasa baada ya mazoezi. Ubavu wa kushoto unauma. Protini nayo huweza kutoka akiwa amesimama, huku mkojo wa alfajiri ukiwa safi.

Dalili nyingine watu huona haya kuzitaja, kwa hiyo ulizeni ninyi. Vena ya korodani ya kushoto humwaga damu kwenye vena ya figo, ilhali ya kulia huingia moja kwa moja kwenye vena kava. Penye mbano damu hurudi chini, na mwanamume hupata varikosili: vena za korodani zimevimba, pumbu zito, na huenda mbegu zikapungua. Kwa mwanamke, vena za ovari na nyonga hujaa. Anaumwa chini ya kitovu, anaumwa wakati wa tendo la ndoa, na hedhi inamtesa. Inaniuma kumwona mama aliyezungushwa miaka akiambiwa ni mawazo tu.

Mbano huu huipata pia vena iliyopita mbele kama kawaida, kati ya aota na ateri ya matumbo. Watafiti El-Sadr na Mina waliueleza mwaka 1950.

Mkimpata mgonjwa damu ikiwa inatoka, darubini ya kibofu itaonyesha inachuruzika kutoka mrija wa mkojo wa figo ya kushoto peke yake. Kisha ultrasaundi ya Dopla inayoonyesha mwendo wa damu, kisha picha ya CT yenye dawa ya mishipa. Lakini narudia: kuiona vena nyuma ya aota hakutoshi kuilaumu. Ondoeni kwanza saratani, mawe na magonjwa ya figo yenyewe, hasa kwa mvutaji sigara na mtu mzima.

Tiba? Kijana mwembamba mwenye damu kidogo mwacheni akue, mkimfuatilia. Akiongeza uzito mara nyingi hupata nafuu. Upasuaji wa kuihamisha vena ni wa mwenye maumivu makali au anayepungukiwa damu.

Nimeulizwa hapa mbele kama mtu wa namna hii anaweza kumtolea ndugu yake figo. Anaweza. Figo ya kushoto hupendwa kwa sababu vena yake ndefu humrahisishia mpasuaji kuiunganisha, na vena ya nyuma pekee haimzuii mtoaji. Sharti picha ya mishipa ipigwe mapema na mpasuaji aijue njia yake, maana vena hiyo ikichanika nyuma ya aota, kuizuia damu ni kazi ngumu mno.